Nukta Juu, Wino Chini

3 Machi

Leo mdogo wangu amenigombeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi, Odile, mwalimu wa darasa la tatu, miaka kumi na minane ya chaki! Na kibaya zaidi, kosa lilikuwa langu.

Laura hana macho tangu surua ya utotoni. Alisomeshwa nukta nundu katika shule ya vipofu, mbali na hapa Kasongo, akarudi na kibao chake cha chuma na msumari wa kutobolea. Binti yake Olga ana miaka sita, ameanza shule mwaka huu, na anaona hata sisimizi juu ya paa. Basi Laura ameamua: hataki mtoto awe na kitabu chake na mama awe na chake. Anataka ukurasa mmoja. Nukta juu, wino chini, maneno yale yale, kidole cha mama na kidole cha mtoto vikitembea pamoja. Nukta anatoboa yeye, wino naandika mimi.

Ukurasa wa kwanza ameutoboa nyuma ya kalenda ya zamani, maana karatasi yake ni nene. Nikachukua biki, nikaandika kwa nguvu zangu zote za ubaoni. Laura akapitisha kidole, kidole kikasimama.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "umenikanyagia maneno."

Kweli, nilikuwa nimelaza mistari miwili mizima. Kuanzia leo ni wino kwanza, nukta baadaye. Na kaye hii, daftari langu hili, nimeinunua ili hasira zangu zipate pa kulala.

6 Machi

Mvua. Nusu ya wanafunzi hawakufika. Tumekula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi.

11 Machi

Wanasoma kila siku baada ya chakula cha mchana, kwenye mkeka, mimi nikiosha sahani. Laura ameweka sheria: neno lisemwe na wote wawili kwa mara moja. Olga akikimbia mbele, anapigwa kofi dogo gotini. Laura akikimbia, Olga naye anampiga mama yake goti, na anapenda sana kumpiga.

"Kuku. Kuku iko. Kuku iko ku nyumba."

"Tembea na mimi, Olga. Usiniache."

Nilisimama na sahani mkononi nikasahau kuisuuza. Sikuwahi kuzaa, na mume niliyekuwa naye alikwenda zake zamani. Hawa wawili ndio nyumba yangu. Nimeandika, basi.

19 Machi

Naandika haraka, mtu asishangae maandishi.

Héritier, dereva wa pikipiki anayekwenda Salamabila, amefika leo na matope hadi shingoni. Ameleta barua ya Glody, baba yake Olga, aliyekwenda kuchimba dhahabu huko miaka miwili sasa. Pamoja na barua kuna kitambaa, kitenge cha manjano chenye ndege wa bluu.

Laura alisikia pikipiki, akaja mbio akipapasa ukuta. "Soma, yaya! Soma!"

Nikafungua. Glody anasema amejenga nyumba ya mabati. Anasema mvua ikiisha atakuja kumchukua Olga. Anasema kipofu hawezi kulea mtoto wa kike peke yake. Peke yake! Mimi ni mti? Na mwisho: "Kitambaa hiki ni neno langu."

Kwa kina Glody kitambaa si zawadi. Kitambaa ni neno lenyewe. Ukikirudisha kizima, umekataa. Ukikikata, umeitika, na hakuna mtu atakayekuuliza tena. Hata ndoa yao ilifungwa hivyo: Laura alikata kitambaa mbele ya watu wote, wakapiga vigelegele.

Laura alikuwa amenielekezea uso, anatabasamu. Na mimi nikasoma uongo. Nilisoma hivi: "Laura, salamu. Niko muzima. Kazi inaendelea. Mvua ni nyingi, barabara imeharibika. Umubusu Olga. Kitambaa hiki ni zawadi ya Pasaka. Glody."

Laura akakipapasa kitambaa, upindo kwa upindo. "Hakikukuja na neno?"

"Hapana. Ni cha sikukuu."

"Apa."

"Laura, mimi ni dada yako."

Akaridhika. Jioni, kabla ya giza, akachukua kibao na kuyatoboa maneno yangu yote, neno kwa neno. Ana kumbukumbu ya ajabu mdogo wangu. Barua ya kweli nimeiweka humu, kati ya kurasa. Iko na mstari mmoja mwingine ambao siuandiki.

20 Machi

Nitamwambia Jumapili.

23 Machi

Sikumwambia. Alikuwa na homa kidogo.

27 Machi

Olga amesoma "sabuni" kwenye sabuni. Hakuna aliyemsaidia. Mama yake akacheka hadi machozi. Mimi nikahesabu kidoleni: herufi anazozijua mtoto huyu ni kumi na saba. Barua ya Glody haina neno gumu hata moja.

2 Aprili

Unyevu umeingia katika kitabu. Mvua ya wiki nzima imeilainisha karatasi, nukta zimeanguka, na kidole cha Laura kinateleza kama juu ya meza. Alikaa amekishika kitabu kifuani. Halafu akasema, "Pascaline." Ni muuguzi, rafiki yetu wa kanisani. Hospitali inatupa zile picha nyeusi za mifupa zikizeeka. Picha ile ni plastiki. Mvua haiwezi kuila.

9 Aprili

Tumeosha picha kumi na nne katika beseni la javel, dawa ya kung'arishia nguo. Mbavu za watu zikayeyuka, weusi ukatoka kama masizi, ikabaki plastiki nyeupe unayoona ng'ambo yake. Olga akaiweka mbele ya uso wake akamtazama kuku.

Laura alisimama katikati ya ua, mikono inanuka javel, akapata wazo. Natamani asingelipata. "Yaya! Kama unaona ng'ambo, basi hatuhitaji kuandika tena. Nitatoboa nukta ku plastiki, tushone plastiki juu ya karatasi yenye wino. Wino wowote! Tuanze na barua ya Glody. Olga aone mukono wa baba yake, mimi nisome juu yake."

"Barua ile ililowa," nikasema.

"Ulisema umeitunza."

"Nitaitafuta."

Niko na woga. Naandika wazi: namwogopa mtoto wa miaka sita.

12 Aprili

Asubuhi nilikwenda kusahihisha kazi za wanafunzi. Mkasi nilikuwa nimeuficha ndani ya gunia la mchele. Nimerudi nikasikia sauti mlangoni: kru, kru, kru. Laura ameazima mkasi wa jirani. Alikuwa amepiga magoti juu ya kitenge cha manjano, anapima kwa vidole, anakata.

Ningeweza kupiga kelele. Mlango ulikuwa wazi, mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikasimama tu hadi kitambaa kikawa vipande vinne.

"Yaya, ni wewe? Ndege wako wima ao nimewapindua?"

"Wako wima," nikasema.

20 Aprili, Pasaka

Olga alivaa gauni la kitenge kile cha manjano. Barabarani tukakutana na shangazi Aicha, dada ya baba yake Glody, anayeuza mawese sokoni. Ulimi wake umekolea pilipili, na yeye ndiye anayeshika desturi za ukoo wao. Namwogopa tangu siku ya ndoa. Aliushika upindo wa gauni, akausugua kati ya vidole viwili.

"Mumeshona," akaniambia chinichini. Laura alikuwa mbele na Olga. "Basi mumeitika. Na Glody alikuwa anaogopa bure! Nitamutumia habari."

"Shangazi, ungoje kidogo..."

"Kungoja nini? Kawaida ni kama sheria, mwalimu. Wewe unajua."

Sikusikia neno hata moja la misa.

22 Aprili

Pikipiki imepita, nikadhani ni Glody. Si yeye.

24 Aprili

Pikipiki mbili. Si yeye. Laura ameuliza barua mara tatu leo.

26 Aprili

Laura alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya, Olga kwa jirani. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikaandika barua ya Glody upya. Nilijaribu mkono wake, zile herufi zake kubwa zinazolala upande. Karatasi nne nilichana. Ya tano ilikuwa nzuri. Nikaimwagia matone ya maji, nikaikausha kwenye jiko. Sasa wino na nukta vinasema uongo mmoja.

Mwalimu, ee! Wanafunzi wakinakiliana napiga kiboko ubaoni.

Nitaandika na ule mstari, maana leo sina tena cha kuficha. Glody aliandika: "Kama unataka, uje naye, nafasi yako iko." Ndiyo. Si Olga tu aliyeitwa. Nilijiambia namlinda mdogo wangu na aibu, lakini ukweli ni kwamba nilimwona Laura akipanda pikipiki, akicheka, mtoto katikati. Sina mtoto wala mume. Wakienda, nitampikia nani? Niliogopa atasema ndiyo.

4 Mei

Imekwisha.

Laura alikuwa amemaliza kutoboa plastiki na kuishona kwa uzi juu ya barua yangu. Wakakaa kwenye mkeka. Mimi nilishika sahani ile ile kwa muda mrefu.

"La-u-ra, sa-la-mu," wakasema pamoja. "Niko muzima."

Walitembea vizuri, hakuna aliyekimbia, na mimi nikaanza kupumua. Wakafika "barabara imeharibika". Olga akanyamaza.

Laura akampiga goti. "Tembea."

"Mama, papa anaandika kama mama mukubwa."

"Namna gani?"

"Hii herufi. Mukia yake inarudi nyuma na kupanda. Mama mukubwa peke yake ndiye anaifanya hivi. Iko ku kitabu changu chote." Akanitazama kwa furaha, kama anayetaka sifa. "Si ni yako, mama mukubwa?"

Nilidhani kazi ni kumwiga Glody tu. Sikufikiria kwamba duniani hakuna wino ambao mtoto huyu anaujua kuliko wangu. Nilimfundisha mimi mwenyewe, mstari kwa mstari, miezi miwili.

Laura aliinua uso. Hakunielekezea. Aliuelekeza ukutani.

"Yaya. Barua ya kweli iko wapi?"

Nikaleta. Nilianza kusoma, akanizuia kwa kiganja. "Si wewe. Olga."

Na mtoto akasoma. Silabi kwa silabi, kidole chini ya neno, akasoma kwamba atachukuliwa. Alipofika kwenye jina lake alitabasamu kwanza, maana jina lake analipenda. Halafu akarudi nyuma, akalisoma tena, sauti ikapungua. Akasoma hata ule mstari. "U-je na-ye."

Laura akamvua gauni taratibu. Akalikunja, akalikalia. Kwangu alisema mambo mawili tu:

"Salamabila siendi. Sikutaka kwenda hata Glody alipoondoka."

Na baadaye kidogo: "Lakini hilo lilikuwa langu la kusema."

5 Mei

Haongei na mimi. Amekaa mlangoni anafumua gauni, uzi kwa uzi, kwa ncha ya msumari wa kutobolea.

9 Mei

Ameshona vipande vinne vikawa kitambaa tena. Akakifua, akapiga pasi. Olga anamwita mama kila dakika, na akisikia pikipiki anaingia chini ya kitanda.

15 Mei

Héritier ameleta habari: Glody ameanza safari. Watu wanasema kuna risasi upande wa Kabambare, barabara imefungwa. Nikasema moyoni, Mungu asante. Halafu nikaona nilichokisema. Baba wa mtoto yuko barabarani na mimi nashukuru risasi. Niliacha bugali ikaungua.

18 Mei

Pikipiki. Si yeye.

19 Mei

Si yeye.

23 Mei

Amefika. Mvua imekatika siku nne, kama alivyosema.

Amekonda. Amemletea Olga kandambili za pinki, ndogo kuliko mguu wake. Alikuja na shangazi Aicha, wakakaa kwenye viti viwili tulivyo navyo. Olga alikuwa nyuma ya mama yake, ameshika kitambaa cha kiunoni mwake kwa mikono miwili.

Laura akaweka kitenge mezani. "Ninarudisha neno lako."

Shangazi alikifunua. Akatia kucha katika mshono, akautazama mwanga ukipita katika matundu ya sindano. "Kitambaa hiki kilikatwa. Kilivaliwa Pasaka, niliona kwa macho yangu. Neno lililokatwa halirudi."

"Nilikuandikia, Laura," Glody akasema. "Miezi miwili hukusema hapana. Hukunitukana, hata kidogo. Nilifikiri umechoka nasi wote."

"Sikusikia neno lako. Niliposikia, nguo ilikuwa imekwisha kushonwa." Laura akamvuta Olga mbele. Akafungua kitabu. Alikuwa ametoa barua yangu ya uongo na kushona plastiki ile ile juu ya barua ya kweli. "Soma na mimi. Usiniache."

Wakaweka vidole, wakaanza kwa sauti mbili.

"Laura, salamu. Niko muzima."

Hapo walikuwa pamoja. Halafu mtoto akasema, "Nimejenga nyumba ya mabati," na mama akasema, "Kazi inaendelea." Mtoto akasema, "Nitakuja kumuchukua Olga," na mama, "Mvua ni nyingi." Sauti zikapandana. Olga akasimama, akampiga mama yake goti.

"Mama, hatutembei pamoja."

"Ndiyo, mwanangu. Hatukutembea."

Shangazi Aicha akajikohoza.

"Nukta zile nani anazijua? Anaweza kusoma anachotaka. Pengine alizitoboa jana."

Laura hakunigeukia wala hakuniomba. Ningeweza kunyamaza, na Mungu anisamehe, sekunde moja niliipima: nikinyamaza, jina langu linabaki, lakini mtoto anakwenda. Miguu yangu ikanipeleka chumbani kabla sijamaliza kupima. Nikarudi na kaye hii. Nikaifungua tarehe 19 Machi, nikampa Glody.

"Soma, shemeji. Kwa sauti."

Akasoma. Alisoma "Mimi ni mti?", akasoma uongo wangu neno kwa neno, na kidole cha Laura kikafuata kwenye plastiki, na yale maneno yakawa yale yale, bila kupishana. Nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba yangu kama mwizi wa kuku. Kisha akageuza kurasa, na kabla sijamzuia akasoma habari ya shangazi na ulimi wenye pilipili.

Shangazi Aicha akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Miaka kumi na minane unafundisha watoto wa watu kusoma," akasema. "Njia ya mwongo ni fupi, mwalimu. Yako imeishia kwa mutoto wa darasa la kwanza."

"Ndiyo, shangazi."

Akakikunja kitenge, upande kwa upande, akakiweka juu ya magoti ya Glody. "Neno halikufika. Aliyekata hakuambiwa. Hapa hakuna mutu aliyeitika."

Glody akauliza swali moja tu, sauti ndogo: "Na wewe, Laura? Nafasi iko."

"Hapana, Glody. Uje umuone mutoto kila kiangazi. Umuandikie. Atakusomea mwenyewe, na mimi nitakuwa pembeni."

Akakubali kwa kichwa. Alilia kidogo akiwa amekishika kile kitambaa. Olga alitoka nyuma ya mama yake, akajaribu kandambili, kisigino kikabaki nje.

24 Mei

Glody amerudi Salamabila. Nilimpa chakula cha njiani. Alinishukuru, na shukrani ile iliniuma kuliko matusi.

27 Mei

Shuleni wote wanajua. Mwanafunzi mmoja ameniuliza kama barua niliyowaandikia wazazi ni ya kweli.

30 Mei

Laura ameongea. Alisema, "Chumvi iko wapi?" Nikampa.

1 Juni

Asubuhi Laura alinyoosha mkono wake. "Kaye yako."

"Iko na mambo mabaya, Laura."

"Najua. Wino ukikaa peke yake katika nyumba hii, tumeona unachofanya. Olga atanisomea yote, toka siku ya kwanza, na mimi nitatoboa. Biki usiishike tena ku kitabu cha mutoto. Wino ataandika yeye."

Nimeomba siku moja ya kuandika haya, akanipa. Sijafuta kitu. Hata ile ya risasi nimeiacha.

3 Juni

Naandika kwenye karatasi ya kalenda, kaye iko kwao. Kiangazi kimeshika, vumbi mpaka kwenye kope. Niko uani napepeta mchele, na kupitia dirishani nasikia sauti ya mtoto na msumari juu ya plastiki, tok, tok, tok. Wamefika Aprili. Wamepita mkasi. Wamepita Pasaka.

"Si-na mto-to wa-la mu-me," Olga anasoma. "Wa-ki-e-nda, ni-ta-m-pi-ki-a na-ni?"

Msumari ukasimama. Ulisimama muda mrefu, nami nikasimama na ungo hewani, kuku wakanizunguka miguuni.

"Rudilia," Laura akasema.

Mtoto akarudilia. Halafu msumari ukaendelea.